Silanti ya kupuliza inaacha mabaka, shida iko wapi
Umeuliza uchukue silanti gani ya gari, yaani ile dawa ya kulinda na kung'arisha rangi, na mbona uliyopaka imeacha mabaka. Ndugu yangu, mabaka mara nyingi ni umepuliza nyingi mno au bodi ilikuwa bado ya moto, subiri ipoe kabisa na ufanyie kivulini. Osha kwa shampoo ya gari, kausha, halafu pitisha kiganja juu ya boneti, ukihisi vichengachenga kama mchanga pitisha klei kwanza (udongo maalumu wa kunasa uchafu kwenye rangi) na maji yake ya kutelezesha, maana ukipaka juu ya uchafu unaufungia humo humo. Kisha puliza mara 1 au 2 tu kwenye kitambaa cha maikrofaiba, paka paneli moja moja, na hapo hapo chukua kitambaa cha pili kikavu ufute kabla haijaganda, hicho cha pili ndo watu wengi wanakiruka. Kuhusu aina, zenye nta zinang'aa vizuri sana ila zinaisha mapema, za polima (kemikali ya kiwandani) zinakaa zaidi, zenye SiO2 (silika, wengine huziita za seramiki) zinatiririsha maji balaa ila ukichelewa kufuta tu zinaacha alama. Mimi kwa anayeanza ningesema chukua ya polima. Na kioo cha mbele usikiguse kama chupa haijasema ruksa.