Weixin: kile ambacho barua ya uteuzi haikupi

Ninyi mliopandishwa usimamizi juzi juzi, cheo mmeshapewa na ofisi. Kilichobaki mtapewa na walio chini yenu, na hao hawana haraka. Wachina wanakiita weixin: kusikilizwa kwa sababu unaaminika, na kuogopwa kidogo.

Mfano wao maarufu ni wa karne ya 4 kabla ya Kristo, katika dola ya Qin. Waziri Shang Yang alikuwa na sheria mpya mkononi, lakini hakuzitangaza, akihofia watu hawatamwamini. Akasimamisha gogo kwenye lango la kusini la soko la mji mkuu: atakayelihamishia lango la kaskazini atapewa dhahabu kumi. Watu wakashangaa, hakuna aliyeligusa. Nani alipwe hivyo kwa kubeba mti? Akapandisha hadi hamsini. Mmoja akajitosa, akalibeba, akalipwa papo hapo. Ndipo sheria zikatoka.

Alianza na jambo dogo lililo wazi kwa kila mtu, na malipo hayakulala. Wewe huna dhahabu. Una ratiba ya zamu, malipo ya saa za ziada, na ile "nitakujibu kesho" unayomtupia mtu koridoni huku unatembea. Kesho ikifika mjibu, hata kama jibu lenyewe ni "bado". Hotuba yako ya siku ya kwanza wameshaisahau, hii hawaisahau.

Kisha mrithi wa kiti cha enzi akavunja sheria. Wakaadhibiwa walezi wake, yeye akaachwa. Kwangu hiyo ni nusu ya haki, ila inasimuliwa kwamba kesho yake watu wa Qin wote walifuata sheria. Kwako mtihani huu utakuja kwa sura ya mpwa wa bosi anayechelewa kila Jumatatu. Wenzake wanakutazama wewe, yeye wameshamzoea.

Lakini usikimbilie barua za onyo. Sunzi, mtaalamu wa vita wa China ya kale, anaonya katika maandishi yake kwamba askari wakiadhibiwa kabla hawajakuzoea hawatatii, na wakishakuzoea usipowaadhibu hawatafaa kitu. Kwa hiyo wiki za mwanzo kaa nao kwenye kazi, ujue nani anabeba mzigo wa nani. Onyo la kwanza litoe baada ya hapo, faraghani, kwa kosa ulilolikataza mapema mbele ya wote.