"Historic" au "historical": lipi liandikwe kwenye kibao?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muongoza watalii hapa Bagamoyo. Tunatengeneza kibao cha kuwakaribisha wageni. Mwenzangu anataka tuandike "historical town", mimi nashikilia "historic town". Kwa Kiswahili si yote ni "mji wa kihistoria"? Tuamulie.

Jibu: Marahaba. Andikeni "historic town". Mnachanganyikiwa kwa sababu "-a kihistoria" yetu hubeba maana mbili ambazo Kiingereza kimezitenganisha.

"Historic" ni sifa ya jambo au mahali palipoacha alama. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, baada ya kubebwa kwa miezi mingi na wasaidizi wake kina Chuma na Susi kutoka bara, ulifikishwa hapo kwenu kwa mapadre wa misheni, kisha ukavushwa Unguja na hatimaye kuzikwa London. Safari ile ni "a historic journey", na kwa maoni yangu waliobeba wanastahili neno hilo kuliko aliyebebwa.

"Historical" haisifu chochote. Inasema tu kwamba kitu kinahusu historia au ni cha zamani. Daftari la mfanyabiashara mdogo wa enzi za misafara, asiyekumbukwa na mtu, bado ni "historical document". Vivyo hivyo magofu ya Kaole ni "historic site", lakini uchunguzi wa maisha ya watu waliojenga msikiti wa hapo ni "historical research".

Mkikwama, jaribuni kwa Kiswahili. Ikikubali "iliyoweka historia", ni "historic". Ikikubali "inayohusu historia", ni "historical". Jihadharini na watu: "historical figure" ni mtu aliyeishi kweli, si wa hadithini.

Mtakutana na "historical building" kwenye maandishi mengi, na kamusi hazilikatai. Ila mgeni akisoma hivyo anaweza kuelewa ni nyumba kuukuu tu, na Boma la Kale la hapo kwenu si nyumba kuukuu tu.

Kuhusu "a" au "an": andikeni "a historic town", kwa kuwa "h" inatamkwa. Waingereza wengine huandika "an", msiwaige.

Ombi langu moja: Kiswahili kitangulie juu ya kibao, kwa herufi kubwa, Kiingereza kifuate chini yake.