Maswali na majibu: matairi ya misimu yote kwa wenye vani

Maswali ya safari hii, kuhusu matairi ya misimu yote (ya kutumika kwenye joto na kwenye baridi), yametoka kwa wenye vani, na mengi yanazunguka jambo moja: watu huchagua tairi kwa saizi na bei, mzigo wanaukumbuka mwishoni.

Fundi, nimepata matairi ya misimu yote ya gari dogo. Saizi ni ileile ya vani yangu, 205/65 R16, na bei ni nafuu. Nifunge?

Usifunge. Saizi inakuambia kwamba tairi litaingia kwenye ringi, haikuambii litabeba nini. Soma kinachofuata. La vani huandikwa, kwa mfano, 205/65 R16C 107/105T. Hiyo C ni ya magari ya mizigo: tairi limeimarishwa na linakubali upepo mwingi zaidi. 107 maana yake kilo 975 likifungwa moja kila upande. 105 ni kilo 925 kila tairi yakifungwa mawili mawili. T ni mwendo, kilomita 190 kwa saa. Sasa la gari dogo la saizi hiyohiyo linaweza kuwa 95H, na 95 ni kilo 690 tu. Tuseme ekseli yako ya nyuma inaruhusiwa kilo 1,600. Matairi mawili ya 95 yanaishia 1,380. Ukipakia mzigo wako wa halali umeshayazidi: ubavu unapinda kupita kiasi, joto linapanda, na tairi linapasuka gari likiwa kwenye mwendo. Namba unayotakiwa kuwa nayo imo kwenye kitabu cha gari. Kufunga yenye namba kubwa zaidi ni sawa, kushuka hapana.

Alama za ubavuni mwa tairi, M+S na ile picha ya mlima, zinatofautianaje?

M+S ni matope na theluji. Mtengenezaji huiandika mwenyewe kwa kuangalia mpangilio wa meno, bila kulazimika kulijaribu tairi. Mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake ni alama ya tairi lililopimwa kwenye theluji na kufaulu. Kama unapita kwenye baridi kali, tafuta mlima. Kama baridi huijui kabisa, usilipie usichokihitaji: mpira wa misimu yote hufanywa laini kuliko wa kiangazi ili usikakamae kwenye baridi, na gari lililojaa mizigo juu ya lami ya moto huumaliza mapema. Muuzaji hatakwambia hivyo.

Hela inatosha matairi mawili tu, na vani inavuta kwa mbele. Niyaweke mbele?

Yaweke nyuma. Mbele pakiteleza utahisi kwenye usukani na utapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza gari linageuka kabla hujafanya lolote, tena vani tupu ndiyo mbaya zaidi, maana mkia wake ni mwepesi. Hilo ni kama yaliyopo nayo ni ya misimu yote. Kama ni ya kiangazi, subiri upate manne.

Nafunga mwenyewe nyumbani. Watu husahau nini?

Kuvalisha tairi kwenye ringi mwachie mwenye mashine, maana linapokaa upepo hulisukuma kwa nguvu ya kujeruhi. Aweke valvu mpya na kubalansi hapohapo.

Kufunga gurudumu unaweza. Egesha pakavu na tambarare, vuta hendibreki, weka kizuizi kwenye gurudumu la upande wa pili, legeza nati kidogo ndipo upandishe jeki. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kinachosahaulika zaidi ni kutu. Pale ringi inapogusana na habu (kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa), sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Tabaka dogo tu la kutu likibaki, nati zitakaza leo, kutu itasagika njiani, na nati zitalegea. Mshale ulioko ubavuni, kama upo, uelekee gari linakokwenda. Anza nati kwa vidole, kisha ukaze kwa kuvuka katikati, si kwa kuzunguka. Ukishashusha gari, malizia kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Kurukia spana kwa mguu si kipimo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena.

Upepo nijaze kiasi gani?

Fuata stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na usifuate namba ya ubavuni, ile ni ya juu kabisa. Mara nyingi stika ina vipimo viwili, gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Pima asubuhi kabla ya kuendesha.

Nimeambiwa ni mapya, lakini yanaonekana yamekaa sana.

Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu 4 za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, geuza tairi. Mara nyingi zipo upande mmoja tu. Ukiona nyufa ndogo kati ya meno, rudisha hata kama hayajawahi kugusa barabara.