Mfumo unawaka, lakini nani atapokea simu?

Profoma, yaani ankara ya bei kabla ya kununua, ya seva ikifika mezani, wengi hukimbilia jumla kuu chini ya ukurasa. Mimi natafuta namba kamili ya modeli, kadi ya mtandao na kontrola ya diski, halafu nafungua orodha ya upatanifu, yaani ya vifaa na mifumo iliyothibitishwa, ya kampuni iliyotengeneza programu itakayokaa juu ya mashine hiyo. Bei tunaweza kuijadili hata wiki ijayo. Kadi isiyokuwemo kwenye orodha haina mjadala, maana siku ikileta tatizo huenda usipate wa kukusaidia.

Vijana wanaoanza kazi hii huniambia, "Kaka, nimeijaribu, inafanya kazi." Siwabishii. Lakini kufanya kazi si sawa na kusaidiwa. Chukua hifadhidata ya Oracle Database 19c. Kwa seva za kawaida zenye Linux, imethibitishwa kwa Oracle Linux, Red Hat Enterprise Linux na SUSE Linux Enterprise Server. Rocky Linux na AlmaLinux hazimo, ingawa zimejengwa zifuate Red Hat kwa karibu sana. Ukiidanganya kidogo programu ya usakinishaji, hifadhidata inapanda vizuri na inaweza kukaa miaka bila kukohoa. Kasheshe ni siku ikitokea ORA-00600. Hilo ni kosa la ndani ya Oracle yenyewe, na mara nyingi tiba yake ni kiraka (marekebisho ya programu) wanachopewa wenye mkataba. Unafungua tiketi, yaani ombi la msaada kwa kampuni, na miongoni mwa maswali ya mwanzo ni jina na toleo la mfumo endeshi. Jibu lako ndilo linaloamua kama mhandisi wa upande wa pili atalichimba tatizo, au atakuomba kwanza ulirudie kwenye mfumo uliomo kwenye orodha.

Kuwa na mfumo endeshi uliothibitishwa pia hakutoshi. Kwenye taasisi moja niliyowahi kuisaidia, seva ya hifadhidata ilikuwa inaganda kila ripoti za mwisho wa mwezi zikianza. Kampuni ya stoo ya diski ilisema tatizo ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa. Kampuni ya mfumo endeshi ikatuomba tuwasomee kilichomo kwenye /proc/sys/kernel/tainted, faili inayoonyesha kama kerneli, kiini cha mfumo endeshi, imechanganywa na kitu cha nje. Tukasoma: 12289. Namba hiyo ni jumla ya 1, 4096 na 8192, yaani kerneli imepakia moduli ambayo msimbo wake haujawekwa wazi, iliyojengwa nje ya kerneli, na isiyo na saini. Ilikuwa programu ya usalama iliyowekwa na idara nyingine, watu wa seva hawana habari. Tukaambiwa: iondoeni, rudieni jaribio, kisha mtuletee majibu. Kwa haki kabisa, maana hakuna anayeweza kuchunguza msimbo asiouona. Ila idara ya usalama nayo ilikataa kuiondoa kwa sababu wakaguzi walikuwa njiani, na tukabaki katikati tunasambaza barua pepe huku na huku. Siku hizi sipokei seva kutoka kwa mkandarasi kabla ya kusoma namba hiyo. Ikiwa 0, natia saini. Ikiwa si 0, anaandika sababu na jina la moduli.

Jambo ambalo profoma haisemi ni kwamba kinachothibitishwa huwa ni mchanganyiko mzima. Orodha za NetApp, au ile ya HPE iitwayo SPOCK, zinataja toleo la programu ya stoo, modeli ya kadi, firmwea yake (programu iliyo ndani ya kadi yenyewe), draiva na mfumo endeshi kwa pamoja. Ukisasisha firmwea peke yake Jumamosi, Jumapili unaweza kuwa umeshatoka nje ya orodha bila kengele yoyote kulia.

VMware walitufundisha upande mwingine wa jambo hili. ESXi ni programu yao ya kuendesha seva pepe nyingi juu ya mashine moja, na toleo la 7.0 la mwaka 2020 liliondoa kabisa mfumo wa draiva za zamani zilizoazimwa kutoka Linux. Seva zilizokuwa zikienda vizuri na 6.7 zilipandishwa, na kadi za mtandao zikapotea machoni pa mfumo. Msaada wa kawaida wa 6.5 na 6.7 ulikoma tarehe 15 Oktoba 2022, kwa hiyo hata kubaki nyuma kulikuwa na mwisho wake. Orodha isomwe kabla ya kila upandishaji, si siku ya kununua tu. Na ukishaisoma, hifadhi nakala ya ukurasa ikiwa na tarehe, maana kurasa hizo hubadilishwa.

Sasa mkataba. Huku kwetu tunanunua kupitia wakala, na wapo mawakala wanaosajili huduma kwenye akaunti yao wenyewe. Mkigombana au zabuni ikienda kwa mwingine, unajikuta umelipia msaada usioweza kuuomba. Kwa Oracle, dai namba ya CSI, yaani namba ya mteja ya kuombea msaada, iliyosajiliwa kwa jina la taasisi yako, na mfungue tiketi moja ndogo ya majaribio kabla hamjalipa salio. Pangeni pia zamu: tiketi ya daraja la kwanza, yaani ya dharura kubwa kabisa, hufanyiwa kazi usiku na mchana pale tu nanyi mna mtu wa kujibu. Mhandisi akiuliza kitu saa nane usiku na simu yenu imezimwa, daraja linashushwa.

Kampuni mbili zikianza kutupiana mpira, usisubiri moja imalize. Fungua tiketi pande zote mbili siku hiyo hiyo, kila upande upewe namba ya tiketi ya mwenzake, kisha uliza kama wote ni wanachama wa TSANet, muungano wa kampuni za teknolojia zinazoshirikiana kutatua matatizo ya wateja wao wa pamoja. Muungano huo upo tangu 1993 kwa ajili ya hali hiyo hasa, na wengi wa watu wa sapoti ya ngazi ya kwanza hawautaji mpaka wewe uutaje.

Simaanishi kila mashine inahitaji haya yote. Seva za majaribio, za kufuatilia mitambo, hata hifadhidata ya PostgreSQL yenye watu wanaoijua, naziweka kwenye Debian, Linux isiyolipiwa leseni, bila wasiwasi, na fedha ya leseni naipeleka kwenye diski za akiba.