Shomoro juu ya kisanduku

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Columbus, Ohio. Nyumba tuliyohamia mwaka jana ina kisanduku cha mbao juu ya nguzo, uani. Mwezi wa nne wakaingia ndege wawili wa buluu, kifua rangi ya matofali, na sasa kuna mayai manne ya samawati. Mwanangu kila akitoka shule anataka tufungue tutazame. Namkatalia, maana nimelelewa nikiambiwa ndege akinusa mkono wa mtu anasusa mayai. Ni kweli? Halafu kuna shomoro dume, tangu asubuhi yuko juu ya kisanduku anapiga kelele. Nimwache?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Mkatalie mengine, hili mruhusu. Hiyo ya kunusa hata bibi yangu aliniambia, na nadhani alitaka tu tuache kuchokora viota. Mkono wako hauna neno. Kinachomuudhi ndege ni kusumbuliwa. Gonga kwanza ubavu wa kisanduku jike atoke, fungua, hesabuni, funga. Dakika moja, mara mbili kwa wiki. Asubuhi mapema hapana, maana ndipo anapotaga, na siku ya mvua na baridi msiguse.

Mpe mtoto daftari. Jike hutaga yai moja kwa siku, na kwa kawaida haatamii mpaka litoke la mwisho, kwa hiyo msidhani mayai ya baridi yamekufa. Akianza kuatamia, hesabuni siku 12 hadi 14. Siku ya kuanguliwa iandikeni kwa wino mwekundu, kwani makinda wakifikisha siku 13 kisanduku hakifunguliwi tena. Mwaka wangu wa kwanza hapa Pennsylvania nilijitia mjuzi, nikafungua siku ya 16 ili mjukuu apige picha. Makinda watano wakaruka kama bisi kikaangoni! Jioni nzima mzee mzima nimepiga magoti kwenye majani, naokota, narudisha, naziba tundu kwa soksi hadi watulie. Niliwapata wanne.

Sasa shomoro. Kwetu pwani ni jirani tu, anadonoa makombo barazani. Huko uliko anatoboa mayai, anaua makinda, hata jike humdonoa kichwani mpaka afe humo humo ndani, kisha anajenga juu ya mzoga. Waingereza hawakosi katika hadithi hii: aliletwa Brooklyn kutoka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1850, kama kunguru alivyoletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka. Tundu la milimita 38 linamzuia kwezi wa Ulaya, lakini shomoro anapita bila kujikunja.

Kwa hiyo usimwache. Funga kijiti wima nyuma ya kisanduku, kipite paa, uning'inize vipande vya plastiki inayong'aa, ncha zake ziguse paa. Shomoro huviogopa. Jike wa buluu naye atasita, ila kwa kuwa ameshataga, mayai yatamvuta. Kaa dirishani umwone akiingia. Saa nzima ikipita bila yeye kuingia, vitoe. Ungevifunga kabla ya yai la kwanza, angehama.

Na angalia sheria. Ndege wa buluu analindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya ndege wahamao, hivyo kiota chake chenye mayai usikiondoe. Shomoro, kwa ugeni wake, hamo. Siku kisanduku kikiwa kitupu ukakuta rundo la nyasi, manyoya na vipande vya karatasi, ni lake huyo. Tupa bila kuomba radhi.

Makinda wakishatoka, toa kiota kizima, fagia ndani, na vile vya kung'aa pia vishushe, shomoro asije akavizoea. Wengi hutaga tena kiangazi hicho hicho, na mwanao atakuwa likizo.