Baba ameishi Kitaya zaidi ya miaka hamsini. Si raia huyu?

SWALI: Shikamoo wakili. Baba yangu ni Mmakonde wa Msumbiji. Alivushwa Ruvuma na wazazi wake mwaka 1968, bado mtoto, wakikimbia vita. Akakulia Kitaya, huku Mtwara, akaoa Mtanzania (mama yangu), akapanda mikorosho, hajarudi tena. Mimi nimezaliwa hapahapa 1989. Nimeomba kitambulisho cha taifa, nikatakiwa ushahidi wa uraia wa mzazi. Nikapeleka barua ya mtendaji inayosema baba ni "mkazi wa siku nyingi". Imekataliwa. Kwa nini?

JIBU: Marahaba. Barua ni ya kweli, ila inajibu swali ambalo hukuulizwa. Mtendaji anathibitisha kuwa baba anaishi pale na anajulikana. Hata daktari mgeni aliyepanga nyumba Shangani, Mtwara mjini, ni mkazi, tena ana kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Kibali hicho kina tarehe ya mwisho na kinaweza kufutwa. Raia hahitaji kibali kuishi kwao.

Sheria ya Uraia ya 1995 ina milango mitatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi (mgeni kuomba uraia na kupewa). Kukaa sana si mlango wa nne. Wamakonde wa Kwale, Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walikaa miongo kadhaa bila uraia hadi serikali ilipowatambua mwaka 2016.

Kwa maelezo yako, baba amebakiwa na tajnisi. Mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi, jumla ya ukaaji wake isipungue miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza (hapo baba hana shida) na awe na tabia njema. Akikubaliwa, aukane uraia wa Msumbiji. Ndoa haimsaidii: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kupitia mumewe, lakini mwanaume hakupewa nafasi hiyo. Mimi naona si haki, ila ndiyo sheria tuliyonayo.

Wewe habari yako ni nyingine. Umezaliwa nchini baada ya siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, na mama yako ni raia, kwa hiyo ni raia wa kuzaliwa. Acha kuhangaika na karatasi za baba. Peleka cheti chako chenye jina la mama, na cheti chake cha kuzaliwa. Kama hana, aape kiapo cha kuzaliwa, na wajomba zako wanaojua alikozaliwa waje kutoa ushahidi.

Hukuuliza kuhusu mikorosho, lakini ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Hakimiliki ya kimila katika ardhi ya kijiji hutolewa kwa raia. Wapimaji wakija kabla baba hajapata tajnisi, shamba liandikwe kwa mama au kwako, na mliseme wazi mbele ya halmashauri ya kijiji. Na kama baba aliwahi kujiandikisha kupiga kura, asiende Uhamiaji na kadi hiyo kama ushahidi. Daftari la wapiga kura ni la raia tu, kwa hiyo itamletea maswali mazito. Aonane kwanza na wakili, kisha aeleze ukweli wote tangu siku alipovushwa.