Wa kliniki sio wa kijijini: kuchagua washiriki wa utafiti wa presha

Swali: Shikamoo dokta. Nasomea unesi hapa Moshi, nataka kujua watu wazima wangapi wana presha vijijini huku. Nimepanga kukaa kliniki ya presha wiki 3, nichukue kila anayekuja mpaka watimie 384. Msimamizi kakataa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole na masomo. Msimamizi yuko sahihi. Anayekuja kliniki ya presha keshajulikana anayo, sasa ukihesabu hao utapata karibu wote wanayo, na yule mwenye presha asiyejijua, ambae ndo unamtafuta, yuko zake shambani. Hao wa kliniki wangekufaa kama ungeuliza wanameza dawa inavyotakiwa au la.

Kwahiyo panda kijijini. Chagua kata kwa bahati nasibu, ndani yake vitongoji, alafu muombe mwenyekiti wa kitongoji orodha ya kaya, ila usiiamini yote maana wapangaji huwa wanasahaulika, zunguka nae muongezee. Namba za kaya utakazotembelea toa kwa bahati nasibu, kwa Eksel au vikaratasi, vyovyote.

Hiyo 384 ni ya makadirio kwamba 50% wana presha, kosa la 5% juu au chini, uhakika wa 95%, na fomula inachukulia unaokota mtu mmoja mmoja wilaya nzima. Watu wa kitongoji kimoja wanafanana, ukoo mmoja, chakula kilekile, kila unayemuongeza hapo anakupa jipya kidogo tu, ndo maana unazidisha idadi. Ukizidisha kwa 1.5 inakuja 576, na kama unategemea 10% hawatapatikana au watakataa, gawanya kwa 0.9 unapata 640. Najua ni wengi, ongea na msimamizi kuhusu muda.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Namba ya nyumba ikishatoka usiibadilishe. Miaka ya nyuma nilisimamia ukusanyaji wa data kwenye vihamba (mashamba ya migomba yenye makazi ndani yake) huko Kibosho, vijana wangu wakikuta mlango umefungwa wanaingia nyumba inayofuata, dodoso zikajaa haraka nikafurahi kweli, kuja kuingiza kwenye kompyuta naona bibi na kina mama tu, wanaume wa miaka 30 wa kuhesabu, sababu saa 4 asubuhi wao wako mjini kwenye bodaboda na ujenzi. Iliniuma sana. Ikabidi turudi upya, jioni na Jumapili baada ya ibada. Kwahiyo rudi hata mara 3 kwa saa tofauti ndo uandike hakupatikana, na waliokataa uwaandike pia.

Ndani ya nyumba napo, mzee atakwambia mpime mama huyu ndo anaumwaumwa. Mpime tu, ni huduma, ila dodoso ni la yule ambae jina lake limetoka kwenye vikaratasi vya watu wazima wa nyumba hiyo, hata kama yuko mgombani anakata majani ya ng'ombe, msubiri.

Wajawazito watoe, presha ya ujauzito ina mambo yake. Desemba usikusanye kabisa, watu wamerudi kutoka Dar na Arusha, kaya ya watu 4 unakuta 15. Andika kabisa kwenye pendekezo lako kwamba mkazi ni aliyeishi hapo miezi 6 au zaidi. Na kibali cha maadili kiwe mkononi kabla hujagonga mlango wa kwanza.

Ukishapata orodha ya vitongoji nitumie tuipitie pamoja.